Anayesemeshwa ni Nani? Nafsi, Msomaji na Nafasi ya Kiswahili katika Tovuti za Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki

Ikisiri

Tovuti ya chuo kikuu hufanya kazi tatu kwa wakati mmoja: husaidia ufundishaji, huita wanafunzi, na huupelekea umma matunda ya utafiti. Makala haya yanachunguza namna Kiswahili kinavyotumika, au kinavyowekwa kando, katika kazi hizo nchini Tanzania na Kenya. Hoja inayojengwa ni kwamba kiini cha tatizo si uhaba wa istilahi wala wa wafasiri. Tatizo ni kwamba waandishi wa tovuti hawajaamua wanasema na nani, na uamuzi huo, katika Kiswahili, hauwezi kukwepwa kisarufi.

1.0 Utangulizi

Mwaka 1993 Norman Fairclough alichapisha uchambuzi wa matangazo ya kazi na vitabu vya mwongozo vya vyuo vikuu vya Uingereza, akaonesha jinsi lugha ya soko ilivyokuwa imeingia katika taasisi ambazo hapo awali zilisema na wanafunzi kwa mbali, kama mamlaka inavyosema na raia. Taasisi ilianza kujiita "sisi" na kumwita msomaji "wewe". Masharti yakavikwa sura ya ahadi. Wakati huo tovuti za vyuo vikuu zilikuwa bado changa, lakini mengi aliyoyaona kwenye karatasi ndiyo yanayoonekana leo kwenye skrini.

Hata hivyo, uchambuzi huo hauwezi kuhamishiwa Afrika Mashariki mzimamzima. Fairclough alishughulika na taasisi zinazotumia lugha moja na wasomaji wao, ilhali hapa chuo hufundisha kwa Kiingereza na jamii inayokizunguka huishi kwa Kiswahili. Tena, nafsi ya pili ya Kiingereza cha leo haibainishi umoja na wingi. Mwandishi wa Kiingereza anaweza kumwita msomaji bila kuamua kama anamwita mtu mmoja au umati. Mwandishi wa Kiswahili hana nafasi hiyo: kitenzi chake hakikamiliki mpaka achague kati ya *u-* na *m-*, au akimbilie nafsi ya tatu. Chaguo hilo dogo ndilo linalofichua mengi kuhusu uhusiano wa chuo na watu wake.

2.0 Kutoka ubao wa matangazo hadi skrini

Kabla ya tovuti kulikuwa na ubao wa matangazo. Kiswahili cha ubao kina muundo unaotambulika mara moja: "Wanafunzi wote wa mwaka wa kwanza wanatangaziwa kwamba usajili utaanza Jumatatu." Kitenzi *tangaziwa* kinastahili kutazamwa kwa makini. Kauli ya kutendea na kauli ya kutendwa zimeunganishwa katika neno moja, na matokeo yake ni kwamba msomaji anakuwa kiima cha sentensi bila kuwa mtenda wa jambo lolote, huku anayetangaza akitoweka kabisa. Ndivyo ilivyo pia kwa *kukumbushwa*, *kuarifiwa*, *kuagizwa* na *kutakiwa*. Ni sarufi ya ofisi, na haina kosa mahali pake. Ubao husomwa na watu wengi waliosimama pamoja, wanaolijua jengo na wanaojua ni mlango gani wa kubisha wasipoelewa.

Tovuti husomwa na mtu mmoja, mara nyingi kwenye simu ya mkononi, mbali na mlango huo. Pale ambapo kurasa za Kiswahili zipo, kwa kawaida hubeba lahaja mbili za kijamii zisizopatana. Juu ya ukurasa kuna sauti ya soko: "Karibu", "Jiunge nasi", "Timiza ndoto zako", yote kwa umoja na kwa kauli ya kuhimiza. Chini yake kuna sauti ya ubao: "Waombaji wote wanatakiwa", "Mwombaji atakayeshindwa kufanya hivyo hatashughulikiwa." Mtu yuleyule aliyeitwa kwa jina la rafiki anageuka, ndani ya sentensi tatu, kuwa mshukiwa. Fairclough angeuita mchanganyiko huo wa lugha ya kuhamasisha na lugha ya kuamuru, na angekuwa sahihi. Katika Kiswahili, hata hivyo, mshono unaonekana zaidi, kwa sababu kila kitenzi kinabeba ushahidi wake mbele.

Tukio la mwaka 2017 linalifanya jambo hili liwe na uzito wa kivitendo. Tangu mwaka 2010 waombaji wa shahada ya kwanza nchini Tanzania walikuwa wakipitia mfumo wa pamoja uliosimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu (TCU). Mwaka 2017 utaratibu huo uliondolewa, na waombaji wakarudi kutuma maombi moja kwa moja kwenye vyuo. Kwa hiyo kila chuo kikawa mwitaji na mshindani, na tovuti ikawa kibanda chake sokoni. Ulinganisho na kibanda halisi una manufaa. Katika maonesho ya vyuo vikuu yanayofanyika kila mwaka katika viwanja vya Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, wahadhiri na maofisa udahili hukaa mezani na kueleza sifa za kujiunga, ada, mikopo na malazi. Huyaeleza hayo yote kwa Kiswahili, tena kwa ufasaha, kwa mtahiniwa aliyemaliza kidato cha sita na kwa mzazi aliyemsindikiza. Hakuna anayekwama kwa kukosa istilahi. Taarifa hizohizo zikihamia kwenye tovuti hugeuka kuwa Kiingereza, na jedwali la ada huwekwa kama faili la kupakua ambalo mzazi, yaani mlipaji, ndiye mwenye haja nalo kuliko mtu yeyote mwingine.

Huyo mzazi ndiye msomaji aliyesahauliwa kabisa. Kurasa za Kiingereza hazimsemeshi. Za Kiswahili, zikiwapo, humwambia mtoto wake atimize ndoto. Mtu wa makamo aliyeko Sumbawanga au Kwale, anayetaka kujua kama ada inaweza kulipwa kwa awamu, hana nafsi ya kisarufi aliyotengewa popote.

3.0 "Omba sasa": tafsiri isiyoandikwa upya

Jawabu la kawaida kwa lawama hizi ni kutafsiri. Tafsiri zilizopo, lakini, zinaonesha kwa nini hazitoshi. Kichwa "Kuhusu sisi" kimeenea katika tovuti za umma kiasi kwamba wasomaji wengi hawakihisi tena. Lakini *kuhusu* katika Kiswahili hutegemea neno linalotangulia: habari kuhusu, kitabu kuhusu, mjadala kuhusu. Kuliacha peke yake mwanzoni mwa kichwa ni kuchukua kiunzi cha lugha nyingine na kukivika maneno ya Kiswahili. "Chuo chetu" kingetosha.

Mfano mzito zaidi ni kitufe kinachosomeka "Omba sasa". Kitenzi *omba* kina matumizi matatu yanayoishi pamoja: kusihi kwa Mungu, kunyoosha mkono kwa mwenye nacho, na kupeleka ombi rasmi. Katika sentensi yenye yambwa, kama "kuomba kazi" au "kuomba nafasi", maana ya tatu hujitokeza bila tabu. Katika amri tupu isiyo na yambwa, maana mbili za kwanza hupanda juu, na kijana anaambiwa ama asali ama ajidhalilishe. "Tuma maombi" haina kasoro hiyo, kwa sababu *tuma* inamfanya msomaji awe mtu mwenye kitu mkononi anachokipeleka. Tofauti hiyo haitokani na kamusi. Inatokana na mtu kuusikia ukurasa kwa sikio la msomaji wake. Mfasiri anayelipwa kwa idadi ya maneno, akiletewa orodha ya vitufe bila kuoneshwa ukurasa wenyewe, hawezi kuisikia.

Inafaa kusema pia kwamba ubunifu mzuri upo. *Bofya*, kitenzi cha zamani cha kubonyeza tunda kwa vidole ili kujua kama limeiva, kimehamia kwenye kitufe cha kompyuta bila kelele na bila kamati kukilazimisha. Msomaji wa ukurasa wa chuo hufanya jambo linalofanana kabisa na la mnunuzi wa embe.

4.0 Istilahi zilizozaliwa chuoni

Dai kwamba Kiswahili hakina maneno ya kuandikia tovuti lina historia ndefu, na historia hiyo yenyewe inalikanusha. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux, uliowaunganisha wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kampuni moja ya Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyokuwa kwa Kiswahili kuanzia menyu hadi ujumbe wa makosa. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, ambayo tangu mwaka 2009 ni sehemu ya Taasisi ya Taaluma za Kiswahili (TATAKI), ilikuwa tayari imetoa kamusi za lugha mbili na orodha za istilahi za sayansi. Maneno ya utawala wa elimu ya juu nayo yapo na yanatumika: *udahili*, *ndaki*, *shule kuu*, *rasi*, *shahada ya umahiri*. Kwa maneno mengine, vyuo vikuu ndivyo viwanda vya istilahi hizi. Ni jambo la kushangaza kwamba mzalishaji hatumii bidhaa yake kwenye dirisha lake la mbele.

Tofauti za Tanzania na Kenya, *kompyuta* na *tarakilishi*, *tovuti* na *wavuti*, hutajwa mara nyingi kama kikwazo. Uzito wake umetiwa chumvi. Msomaji wa Eldoret anaielewa *kompyuta*, na wa Iringa atajifunza *tarakilishi* kwa kuiona mara mbili.

Sababu ya kweli huenda iko kwingine. Tangu mwaka 2004, maabara moja ya baraza la utafiti la Hispania huko Madrid hutoa orodha iitwayo Webometrics, ambayo hupanga vyuo vikuu vya dunia kwa kuzingatia uwepo wao kwenye mtandao, ikiwamo wingi wa viungo vinavyoelekea kwenye tovuti zao kutoka nje. Hutolewa Januari na Julai, na vyuo vya Afrika Mashariki huitangaza nafasi yao kwa fahari inapopanda. Orodha hiyo haikatazi Kiswahili. Lakini kiungo cha kutoka nje huvutwa na maandishi ambayo wa nje wanayasoma, na hivyo kila saa ya mwandishi wa tovuti iliyotumika kwenye ukurasa wa Kiswahili huonekana kuwa saa iliyopotea katika hesabu. Tovuti inaandikwa ili ihesabiwe na mashine, si ili isomwe na mtu.

5.0 Ufundishaji na umma

Katika ufundishaji hali ina ukinzani wa aina yake. Idara ya Kiswahili ya Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 1970, ilithibitisha zamani kwamba taaluma inaweza kufundishwa na kutahiniwa kwa Kiswahili hadi ngazi ya uzamivu. Mwanafunzi anayeandika tasnifu kwa Kiswahili, hata hivyo, kwa kawaida hujisajili, hupakia kazi na husoma maelekezo kupitia kiolesura cha Kiingereza. Lugha ya maarifa na lugha ya mlango wa kuingilia zimetengana.

Nje ya bara, vyuo vimeitumia mitandao kwa ajili ya Kiswahili mapema na kwa bidii: mradi wa kamusi ulioanzia Yale mwaka 1994, jarida la *Swahili Forum* lililoanzia Köln mwaka huohuo na ambalo sasa husomwa bure, na picha za miswada ya Kiswahili zilizowekwa wazi na SOAS ya London. Shukrani wanazostahili haziondoi ukweli kwamba maelezo ya miswada hiyo yameandikwa kwa Kiingereza. Kijana wa Lamu anaweza kuuona mwandiko wa utenzi, lakini ili aufikie ni lazima autafute kwa lugha ambayo utenzi haukutungwa kwayo.

Kwa upande wa umma, mfano unaotia moyo uko Morogoro. Maktaba ya Taifa ya Kilimo katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) imeweka mtandaoni mkusanyo wa machapisho ya kilimo na mifugo kwa Kiswahili, ikaupa jina la *Mkulima*. Thamani ya jina hilo ni zaidi ya mapambo. Mkusanyo umeitwa kwa jina la msomaji wake, si kwa jina la idara iliyoutoa wala la mfadhili. Aliyeuita hivyo alikuwa ameshajibu swali ambalo kurasa za udahili hazijajiuliza.

6.0 Kisanduku cha kutafuta

Hata ukurasa ulioandikwa vizuri hauna faida usipopatikana, na hapa isimu ina deni la moja kwa moja. Visanduku vingi vya kutafuta hulinganisha mifuatano ya herufi, labda kwa kukata viambishi tamati vya Kiingereza. Kiswahili huweka mabadiliko yake mengi mwanzoni mwa neno. Anayetafuta *mwanafunzi* katika mfumo kama huo hapati ukurasa wenye *wanafunzi*. Anayetafuta *wimbo* hakutani na *nyimbo*. Na *kusoma*, *anasoma*, *tuliosoma* na *wasiposoma* huonwa kuwa maneno manne yasiyojuana. Tasnifu ya Kiswahili iliyohifadhiwa vizuri katika hazina ya chuo inaweza kukaa miaka bila kusomwa kwa sababu hiyo tu.

Suluhisho la kiisimu limekuwapo kwa muda mrefu. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alianza kujenga kichanganuzi cha mofolojia ya Kiswahili katika miaka ya 1980, kazi iliyozaa mfumo wa SALAMA na kongoo ya Kiswahili ya Helsinki. Kinachohitajika kwenye tovuti ya chuo ni kidogo kuliko hicho: jedwali la viambishi ngeli, orodha ya mashina, na kanuni chache za *ki-* na *vi-*, *ji-* na *ma-*, pamoja na orodha fupi ya maumbo yasiyotabirika. Ni kazi inayoweza kufanywa na mwanafunzi mmoja wa umahiri wa isimu akishirikiana na mwenzake wa kompyuta, ndani ya mwaka mmoja wa masomo, katika chuo chochote chenye idara hizo mbili.