'Nafasi' inapomchanganya fundi wa Kakuma

MAJUZI nikiwa Lodwar, mwanafunzi wangu wa zamani alinikabidhi mswada wa mwongozo. "Prof, tuangalizie Kiswahili tu, hesabu tushamaliza." Unakusudiwa mafundi wa hapo na wa Kakuma watakaofunga mota za kuinamisha paneli za sola ili zifuate jua. Nimeusoma. Hesabu hazijaisha, na kosa limeanzia katika maneno.

Mota husukuma mkono wa chuma wa milimita 400. Sensa hutoa volti 0.5 mkono ukiwa ndani kabisa na volti 4.5 ukiwa nje kabisa. Kidhibiti husoma volti 0 hadi 5 kama nambari 0 hadi 1023. Kwa hiyo mkono huanzia 102 na kukomea 921.

Mswada unasema, "Mwanzo ni sifuri." Sifuri ipi? Ya mkono au ya kidhibiti? Mwandishi amezichanganya, akazidisha nambari kwa 400 na kugawa kwa 1023. Alipaswa kutoa 102 kwanza, kisha agawe kwa 819. Balaa ni kwamba katikati, kwenye 512, njia zote mbili huleta milimita 200, na fundi anayejaribu hapo ataridhika. Mkono ukifika mwisho, hesabu ya mswada inasema 360. Kidhibiti kitadhani zimebaki 40 na kuendelea kusukuma chuma kisichosogea, hadi mota iungue. Kasi nayo itaonekana pungufu kwa asilimia 20.

Kisha kuna sentensi hii: "Nafasi ikiwa ndogo, punguza kasi." Mkenya atasikia uwazi uliobaki, hivyo atapunguza kasi karibu na mwisho. Lakini Kakuma kuna Wakongo, na Kiswahili cha kwao kina 'fasi', yaani mahali. Huyo ataelewa kwamba mkono uko karibu na mwanzo. Sentensi moja, mafundi wawili, ncha mbili tofauti! Kambini humo, tangu 1992, Kiswahili kimekutanisha watu wa Sudan Kusini, Burundi, Somalia na kwingineko, na wengi walikianza ukubwani. Hawana pa kuulizia mwandishi alimaanisha nini. Mimi ningeandika "umbali kutoka mwanzo", hata kama ni maneno matatu.

Silikubali pia dai kwamba "sensa hupima kasi". Sensa hii inatoa volti, basi. Kasi hukokotolewa: umbali wa sasa toa wa awali, gawa kwa muda uliopita. Tofauti ya 'kupima' na 'kukokotoa' si mapambo ya wasomi. Nambari ikitikisika kwa 1 tu kati ya vipimo vilivyoachana kwa sekunde 0.01, hesabu italeta karibu milimita 49 kwa sekunde, na mkono umetulia tuli! Aliyeambiwa kasi imepimwa ataiamini. Aliyeambiwa imekokotolewa atajua achukue wastani wa vipimo kadhaa kwanza.

Neno 'sensa' sikuligusa. Najua wenzangu watanidai 'kihisi', tena sensa kwetu ni kuhesabu watu. Lakini hakuna fundi atakayedhani mota inahesabu watu, na dukani Lodwar ataomba sensa. Mswada nimeurudisha na wino mwekundu kwenye sifuri, nafasi na hupima. Jamaa amenijibu kwa simu: "Prof, kumbe tujaribu mkono ukiwa mwisho, si katikati?" Nikamwambia ajaribu ncha zote mbili.