Geuza Nguo Kabla Hujaisifu

Katika chakula, kila mtu kwetu ni hakimu. Mtoto wa darasa la tatu anautambua wali bokoboko na wali uliochambuka punje kwa punje. Anajua chapati isiyo na matabaka, anajua mchuzi ambao tui lake limekatika. Hakufundishwa darasani, amekula kila siku huku akiwasikia wakubwa wakisifu na wakikosoa. Nguo nazo tunazivaa kila siku, lakini tukizisifu tunasifu rangi na mtindo basi. Kazi ya sindano na uzi haina wa kuitazama. Ndiyo maana anayejifunza kupika husonga mbele haraka, kwa kuwa ulimi wake ulishakijua kitu kizuri kabla mkono haujashika mwiko, ilhali anayejifunza kushona huketi kwenye cherehani na macho ambayo hayajui yatafute nini. Shauri langu kwa anayetaka kujishonea ni kwamba ajifunze kuhukumu nguo kwanza. Cherehani itangoja.

Anza kwa kuigeuza nguo ndani nje. Ufuate mshono mmoja kwa kidole kutoka mwanzo hadi mwisho. Cherehani hushona kwa nyuzi mbili, mmoja ukitoka kwenye sindano na mwingine kwenye bobini, na nyuzi hizo hutakiwa zikutane katikati ya unene wa kitambaa ili pande zote mbili zifanane. Ukiona uzi wa chini umelala umenyooka huku vitanzi vya uzi wa juu vikichomoza, basi uzi wa juu ulilegea wakati wa kushona. Mshono wa namna hiyo ukikatika mahali pamoja, unaweza kuuvuta wote ukatoka mkononi. Kisha pima hatua za sindano. Kwa pamba ya uzito wa kitenge, hatua 10 hadi 12 katika inchi moja ndiyo kazi ya kuaminika. Zikishuka chini ya 8, fundi alikuwa na haraka; zikizidi 15, matundu ya sindano yamebanana kiasi cha kukidhoofisha kitambaa, na siku ukitaka kufumua utateseka. Mwisho, shika pande mbili za mshono uzitanue taratibu. Nyuzi zikijitokeza katikati na kuacha upenyo, hapo ndipo nguo itakapofunguka ukiinama.

Oveloki inataka maneno yake. Si kosa kabisa, na pamba nyingi huchanika nyuzi kingoni bila kuipata. Tatizo ni kwamba mashine ile hukata na kushona kwa mkupuo mmoja, na fundi asiye mwangalifu huiachia ikanyoa kitambaa chote cha pembeni, ukabaki ukingo mwembamba usiofika hata sentimita moja. Nje gauni linapendeza, lakini ndani halina akiba. Mafundi wazuri wa mitaani kwetu huacha inchi moja nzima kila ubavu, kwa sababu wanajua mtu hunenepa, hukonda, hujifungua. Gauni lenye akiba unalifungua, unalipanua, unalivaa miaka mingine. Mimi nikitazama nguo, akiba ya ubavuni naipa alama nyingi kuliko nakshi yoyote ya shingoni, kwa kuwa inaonyesha aliyeshona alimfikiria mvaaji wa kesho.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo wanafunzi wengi hulivuka bila kujua kwamba ndilo uti wa mgongo wa kazi nzima. Kila kitambaa kilichofumwa kina nyuzi za namna mbili: mtande, unaokwenda na urefu wa jora, na mshindio, unaokatiza upana. Mtande ndio uliovutwa ukakazwa wakati wa kufuma, kwa hiyo hautanuki sana. Nguo iliyokatwa mtande ukishuka wima kutoka begani hadi miguuni hukaa imetulia mwilini. Iliyokatwa upogo, mara nyingi kwa ajili ya kubana matumizi ya kitambaa, huonekana sawa siku ya kwanza, kisha baada ya kufuliwa mara chache mshono wa ubavuni huanza kuhamia mbele, sketi huzunguka kiunoni, na mguu wa suruali hujisokota. Hakuna ufundi wa cherehani unaoweza kuponya kosa la mkasi. Ining'inize nguo, urudi nyuma hatua kadhaa, uangalie kama mishono ya ubavuni inashuka wima. Kama inakwenda kombo, usihangaike kutazama mengine.

Wanaonunua vitenge wana mtego wao wa ziada. Urembo wa kitenge huchapwa baada ya kitambaa kufumwa, na si kila mara machapisho hufuata nyuzi. Ukiwa dukani, iwe Kariakoo kwenye Mtaa wa Kongo au Mombasa kwenye Mtaa wa Biashara, omba ukunje kitambaa kwa upana, ukingo juu ya ukingo, utazame kama mistari ya urembo inakutana. Kama imepanda upande mmoja zaidi ya nusu inchi, rudisha. Ukikata kwa kufuata nyuzi, urembo utaonekana umelala. Ukikata kwa kufuata urembo, gauni litajisokota. Hasara ni yako vyovyote utakavyofanya.

Palepale dukani, kisugue kitambaa kati ya viganja. Kikilegea na kuacha unga mkononi, unene uliokuvutia ulikuwa wanga. Geuza utazame upande wa pili. Kitenge cha nta halisi, cha aina inayotengenezwa na kampuni ya Vlisco, iliyoanzishwa Helmond, Uholanzi, mwaka 1846, kina rangi zinazokaribia kulingana pande zote mbili, pamoja na vijishipa vyembamba vya rangi mahali nta ilipopasuka. Hata hivyo sidhani mwanafunzi anahitaji kitenge cha bei hiyo. Anahitaji pamba. Chomoa uzi mmoja kutoka ukingoni, uuchome kwa kiberiti: pamba hunuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini, poliesta huyeyuka ikaacha kidonge kigumu. Pamba hutulia mezani, hushika mkunjo wa pasi, na husamehe mkono wenye wasiwasi. Satini na shifoni ziache kwanza, zinateleza chini ya mguu wa cherehani hata kwa mafundi wenye miaka yao. Na kabla ya kukata, loweka kitambaa, kianike kivulini, ukipige pasi. Acha kisinyae kingali kitambaa, kisije kusinyaa kikiwa gauni.

Urembo mkubwa ni mtihani mwingine. Kuna vitenge vyenye ndege, na ndege wana kichwa na miguu; ukikuta mbele wanaruka juu na mgongoni wamepinduliwa, aliyekata hakutandaza kitambaa akakitazama. Angalia maua makubwa yalivyoangukia kifuani: yawe yamelingana pande zote, au yawe yameepushwa kabisa. Angalia zipu ya mgongoni, kama duara lililokatwa katikati linakamilika zipu inapofungwa. Kulinganisha hivyo hula kitambaa. Kwa hiyo fundi anayekuomba nusu yadi zaidi kwa kitenge cha urembo mkubwa usimwone mara moja kuwa anatafuta viraka vya kumshonea mtoto wake. Pengine ndiye pekee mtaani anayejali.

Ukishamaliza kutazama, vaa. Simama, kisha nyanyua mikono yote miwili kama unayepanga vyombo kabatini. Gauni zima likipanda nawe, pindo likakufika magotini, tatizo liko kwapani. Wanaoanza hudhani tundu la mkono likikatwa kubwa na kushuka chini nguo itakuwa huru. Ni kinyume chake: kwapa likishuka, mkono na kiwiliwili hushikana, na kila unaponyanyuka unaburuta nguo nzima. Kwapa linalokaa juu, karibu na mwili bila kubana, ndilo linaloacha mkono ufanye kazi. Anayekata mkono wa gauni vizuri huuachia sehemu ya juu upana unaozidi kidogo tundu linaloupokea, kisha huugawa upana huo kwa vidole na pini hadi utoshee bila kukunjamana. Bega laini, lisilo na vikunyanzi ambavyo havikukusudiwa, ni kazi ya mtu mwenye subira.

Watu wa pwani walilitatua jambo hilo zamani kwa njia nyingine, nayo ni ya kuonea fahari. Itazame kanzu. Imejengwa kwa vipande vilivyonyooka: badani mbele na nyuma, taharizi ubavuni za kupanua nafasi ya hatua, mikono, na chini ya kila mkono kile kipande kidogo kinachoitwa kikwapa. Kikwapa ndicho kinachomruhusu mvaaji kunyanyua mikono na kurukuu bila kanzu kukaza wala kuchanika. Ukitaka kuijua kanzu nzuri, wengi watakuelekeza kwenye darizi za shingoni. Mimi ninakuelekeza kwapani: ncha za kikwapa zimeingia mahali pake pasipo tundu wala mkunjo? Pembe nne, mishono minne, na kila mshono unatakiwa usimame pale pale mwingine unapoanzia. Aliyeweza hapo ataweza kola, ataweza mfuko, ataweza chochote. Vazi hili ni mwalimu mzuri kwa anayejifunza, maana kukata ni rahisi na kushona kunadai usahihi.

Pasi huwa haihesabiwi katika ushonaji, na ndiyo inayotenganisha nguo ya nyumbani na nguo ya fundi. Kila mshono unapaswa kupigwa pasi kabla ya kukatizwa na mwingine. Ukiahirisha hadi mwisho, yapo maeneo ambayo pasi haitayafikia tena: ndani ya kola, chini ya ukanda wa kiuno, kwenye ncha ya ile mikunjo ya kifuani ambayo mafundi huiita dati. Dati isiyopigwa pasi huishia kwa kichuguu. Pasi ya mkaa inafaa kama ya umeme, mradi utandaze kitambaa chenye unyevunyevu juu ya kazi.

Yaliyobaki nayapita haraka. Ncha mbili za kola zilingane, na zielekee chini badala ya kupinda juu. Kifungo kisimame juu ya shingo fupi ya uzi ili kitambaa cha tundu kipate pa kukaa. Kilichobanwa sana kitakivuta kitambaa. Zipu ipande bila kukwama kiunoni, mahali ambapo mishono hukutana na unene huongezeka. Sketi ya mshazari, iliyokatwa hivyo kwa makusudi ili ibembee, ingepaswa kuning'inizwa usiku mmoja kabla ya kupindwa chini, kwa kuwa kitambaa cha mshazari hushuka kwa uzito wake; isipofanyiwa hivyo pindo litapanda na kushuka.

Macho haya utayapata wapi? Kwenye mitumba, na si kwa ajili ya kuvaa. Nenda Mchikichini au Gikomba, chagua shati la kiume la pamba lililochakaa kola, la bei ya chini kabisa. Shati la namna hiyo, kama limeshonwa vizuri, lina mishono ya ubavuni iliyolazwa na kushonwa mara mbili, kingo zake zote zikiwa zimefichwa ndani, na kipande cha mabegani cha tabaka mbili. Lifumue lote kwa subira, ukiandika ni mshono upi uliokuwa juu ya upi, maana mpangilio huo ndio mpangilio wa kushona ukiusoma kinyumenyume. Vipande vipige pasi, vilaze juu ya gazeti, uvichore pamoja na alama za mtande. Nusu ya yale yanayoulizwa darasani utakuwa umeyajibu mezani kwako.

Halafu ukishashona gauni lako la kwanza, usilihukumu lingali jipya lenye pasi. Lifue, lianike, ulitazame kabla hujalipiga pasi tena. Mishono ikiwa imevutika na kuweka vikunyanzi upande mzima, ama uzi ulikazwa mno ama ulitumia uzi wa kunyumbuka juu ya pamba. Jaribu kwenye kiraka, ukilegeza kidogo kidogo, na uangalie namba ya sindano: kwa kitenge 14 inatosha, na 16 iwekee jinzi. Usikate gauni la pili kabla kiraka hakijatoka laini.