Corvette Summer: filme iliyokimbia garaje yake

Wandugu, filme nyingi za gari zinatuonyeshaka mbio. Corvette Summer ya Matthew Robbins (1978) iko tofauti: inaanza na kazi. Kenny, mwanafunzi wa sekondari huko California, anakuta Corvette Stingray iliyoharibika ikiwa karibu kusagwa kwenye uwanja wa magari yaliyokufa. Anaiokoa, na pamoja na wenzake wa darasa la ufundi wanaitengeneza upya shuleni. Mark Hamill, aliyetoka tu kucheza Star Wars, anamcheza vizuri huyu kijana ambaye akili yake yote iko ku gari.

Pale njo filme iko na nguvu, na pale njo inatoka haraka sana. Gari inaibiwa, Kenny anaifuata mpaka Las Vegas, garaje tunaisahau.

Ni hasara, juu Corvette ya miaka ile si gari ya kupaka rangi tu. Bodi yake si chuma, ni plastiki yenye nyuzi za kioo. Huwezi kuinyoosha kwa nyundo: pale imepasuka unakwangua, unaweka kitambaa cha nyuzi na rezini, unangoja ikauke, unasugua tena. Chini ya bodi ile isiyooza kuna fremu ya chuma inayooza kimya kimya, zaidi kandokando ya kioo cha mbele. Taa za mbele zinainuliwa na mvuto wa hewa unaotoka ku moteri. Mpira mmoja ukipasuka, taa moja inaamka, ingine inalala. Mtu anayeitengeneza kwake nyumbani anajifunzaka kwanza kufuata tatizo mpaka ku chanzo. Uvumilivu ule, filme inaupitia mbio. Inasimama ku rangi.

Tena usukani umehamishwa upande wa kuume, katika nchi ambako gari zinapita kuume, ili dereva awe karibu na wasichana walio kando ya njia! Sisi wa Goma na Bukavu, wenye gari za usukani wa kuume kutoka Japani, tunajua taabu ya kupita lori na gari ya namna ile. Ni kichekesho, sawa. Lakini kinaonyesha kwamba filme inapenda gari kama pambo kuliko kama kazi.

Hata hivyo, kuna wazo moja kubwa ndani. Aliye nyuma ya wizi ni mwalimu mwenyewe, yule aliyemfundisha Kenny ufundi. Na mwishoni Kenny anairudisha gari shuleni, anaenda zake. Wengine wataona ameshindwa. Miye naona kinyume: gari inaweza kuibiwa, mwalimu anaweza kukusaliti, lakini kile mikono yako imejua hakuna mtu wa kukiuza. Kama tungekaa zaidi mu garaje, mu vumbi na harufu ya rezini, mwisho ule ungetuingia kabisa. Sasa unatugusa nusu.

Muiangalie, wandugu, zaidi ile sehemu ya kwanza. Kisha tujiulize, sisi wenye diplome: karatasi ikipotea leo, mikono yetu inajua nini?