Weupe wa Karatasi Si Utupu

Kwenye rangi za maji, mwanga ni karatasi yenyewe. Sehemu ukishaipaka, weupe wake haurudi kirahisi; kwa hiyo mchoraji huamua mapema asiguse wapi. Ndiyo maana kila picha ya aina hii inastahili swali moja: kilichoachwa wazi kimeachwa kwa nini?

Chukua picha za Joy Adamson. Wengi tunamjua kwa simba wake Elsa, lakini mwaka 1949 serikali ya kikoloni ya Kenya ilimpa kazi ya kuchora watu wa makabila mbalimbali wakiwa na mavazi yao ya jadi. Kabla ya hapo alichora maua na mimea, na mkono huo unaonekana: shanga, hereni na ngozi za mavazi zimefuatwa kwa subira kubwa. Kwa umakini huo, sina la kumkosoa. Tatizo liko nyuma ya watu wale. Mara nyingi hakuna boma, hakuna kilima, hakuna njia. Mtu amebaki kama ua lililochumwa likabandikwa kwenye karatasi ili litambuliwe jina. Weupe ule si mwanga, umefuta mahali.

Kijana anayechora leo Kingerikiti, kwenye milima ya Nyasa mkoani Ruvuma, anaweza kurithi kosa hilo bila kujua. Mkulima wa Kimatengo analima ngoro: mashimo yaliyopangwa kwenye mteremko, yanayozuia maji yasibebe udongo. Mwondoe kwenye mteremko huo, jembe lake linakuwa pambo.

Basi anza na mahali. Chora mkulima kwa penseli, hafifu, na kama shati lake ni jeupe, liache tangu sasa. Lowesha anga, upake ukungu karatasi ikiwa bado mbichi ili kingo ziyeyuke. Ikikauka, shuka na milima: ya mbali kwa maji mengi, ya karibu kwa rangi nzito. Kingo za ngoro zipige kwa brashi iliyokaushwa kidogo. Mwisho mpake mtu, na kivuli chake kikichanganye na kahawia ileile ya udongo anaoukanyaga.

Hapo shati litang'aa kwa sababu kuna mlima nyuma yake. Na atakayeiona picha hiyo atajua mtu huyu ni wa wapi, na anafanya nini hapo.