Katika filme zetu, batu banakula nini?



Mimi si mutu wa sinema. Nilisoma agronomi, na mambo mengi naangalia kwa jicho la shamba. Siku moja hapa Mokambo tulikuwa tunaangalia Katanga Business ya Thierry Michel kwenye ordinateri, nyumbani kwa mama mukubwa wangu. Yeye anauzisha unga pembeni ya barabara. Alipita, akasimama nyuma yetu kama dakika kumi, akaangalia mashimo, makamyo na wakubwa wenye kofia ngumu. Kisha akauliza: «Sasa mwana, bale batu bote banakula nini?»

Tulicheka. Nyuma yake nikaona kwamba hatuna jibu, na ile swali ikanifuata kwa kila filme niliyoangalia juu ya inchi yetu.

Tuanze na hiyo yenyewe. Katanga Business ilitoka 2009. Michel ni Mubeleji, amepiga filme nyingi juu ya Kongo, na hapa anafuata zaidi watu wanne: Moïse Katumbi, aliyekuwa gavana kuanzia 2007, Paul Fortin, Mukanada aliyewekwa kuongoza Gécamines, George Forrest, mutu wa biashara, na Min, Muchina aliyekuja kutafuta shaba. Pembeni yao kuko wachimbaji wa mkono, wale tunaita bakrezeri. Ni filme ya nguvu, siwezi kukataa. Mutu ambaye hajafika Katanga ataelewa mara moja kwamba chini ya maneno «maendeleo» na «mapatano» kuko ugomvi wa nani abebe mali. Michel aliweka kamera yake mahali wakubwa wanasemea, na walisema mambo mengi mbele yake kuliko wangetaka.

Lakini kati ya hao wanne hakuna hata mmoja ambaye tunamufuata juu ya kulima. Filme inauliza shaba inaenda wapi. Haiulizi bukari inatoka wapi. Mtaniambia filme moja haiwezi kusema yote, na ni kweli. Ila ukisimama hapa mpakani utaona kwamba hayo mambo mawili ni jambo moja. Makamyo ya shaba yanatoka, yanaingia Zambia upande wa Mufulira, yanaendelea mpaka bandari za mbali. Upande mwingine unga wa mahindi unaingia, kwa kamyo na kwa kinga. Tunatosha kile hatuwezi kula, tunaingiza kile tunakula kila siku. Zambia ikifunga mauzo ya mahindi, Lubumbashi inasikia kwenye sufuria. Tuliona 2016, tukaona tena 2023. Na Februari 2024, Rais Hichilema alipotangaza ukame kuwa balaa ya taifa kule kwao, mama mukubwa hakungoja mutu wa kumufasiria.

Hata Katumbi mwenyewe, akiwa gavana, aliomba masosyete ya mine yalime, kila moja hektari 500 za mahindi. Kwangu mimi ile peke yake ingetosha filme nzima: ingenia wa mine anapewa amri ya kupanda mahindi! Nani atamufundisha? Nani atachagua udongo? Mbegu itafika mbele ya mvua ama nyuma? Na wenye ile ardhi, wanaenda wapi? Hapo njo siasa ya kweli iko, na hatukuona kamera ikikaa pale msimu mzima.

Nilipoangalia The Siege of Jadotville, ile ya Netflix ya 2016, nilikuta shida ingine. Hadithi ni ya kweli: Septemba 1961, askari wa Irlande zaidi ya 150, waliokuwa chini ya Umoja wa Mataifa, walizungukwa pale Jadotville, mji tunaita leo Likasi. Filme inawapa heshima ambayo kwao walikuwa wamenyimwa myaka mingi, na ile ni vizuri. Ila walipiga picha Afrika ya Kusini, na inaonekana. Ukitoa Tshombe na wakubwa wengine, Wakatanga mule ni watu wa kukimbia na bunduki na kuanguka. Mutu wa Likasi hana nyumba, hana jirani, hana Swahili. Rafiki yangu mmoja wa Likasi aliangalia mpaka mwisho akasema tu: «Bon, ile ni vita ya bo.» Ile critique ni fupi kuliko yangu, na inasema yote. Mji ni wetu, jina ni la mji wetu, lakini vita ni ya wengine.

Sasa Augure. Hiyo njo ilinisumbua zaidi, juu inatoka kwa mutoto wa hapa. Baloji alizaliwa Lubumbashi 1978, akakomalia Ubeleji, akajulikana kwanza kwa muziki. Augure ilionyeshwa Cannes 2023 na ikapata zawadi ya «sauti mpya» kwenye Un Certain Regard. Alipiga picha Kinshasa na Lubumbashi, akachanganya. Koffi anarudi kutoka Ulaya na muchumba wake mwenye mimba, anataka kutoa mahari na kupata baraka. Baba, ambaye anafanya kazi kwenye mine, haji kumupokea. Anabeba mutoto wa ndugu, damu inamutoka puani inaanguka kwa mutoto, na palepale jamaa nzima inajua: huyu ni mulozi.

Kila mutu wa hapa anajua jina Baloji linasema nini. Muongozaji anabeba kwa jina lake ile shutuma ambayo filme inasimulia. Basi si mugeni anayekuja kucheka mila zetu. Anajua uzito wake.

Wengine waliniambia: «Anawauzishia Wazungu ulozi wetu.» Mi sikubali. Angalieni vizuri ile karamu. Baba hayuko, mine imemubeba. Dada, Tshala, anapanga kwenda Afrika ya Kusini. Mama Mujila anabeba nyumba yote mgongoni bila kusema. Ulozi unaingia mahali ambapo watu wamekosa maneno ya kuelezana nani ametoka na juu ya nini. Ni nyumba ngapi hapa ziko vile? Baba eko Kolwezi, mutoto eko Ndola, na mutu akigonjwa tunatafuta nani amemuroga. Kwa hiyo Augure inaeleza mine kuliko filme nyingi za mine, hata kama shimo lenyewe linaonekana kidogo. Inaonyesha mine ikiwa mezani, kwa kiti cha baba ambacho kiko tupu.

Lakini swali la mama mukubwa linabaki, na jibu nililipata mahali sikutegemea. Mu 1986, wakati wa Mobutu, kundi la Mufwankolo, wale wacheza teatri wa Lubumbashi ambao wazazi wetu walifuata kwenye televizyo, walitengeneza muchezo kutoka kwa msemo mmoja: mamlaka inaliwa nzima, haigawanywi. Hawakubaki studio. Walienda kijijini, Kawama, wakacheza na wanakijiji, kwa Swahili, hadithi ya sultani na watu wake. Nani asingeelewa wakati ule sultani ni nani? Hawakutaja jina, na hawakuhitaji. Na msemo wenyewe unatumia neno «kula». Batu ba kwetu tangu zamani wanajua kwamba mamlaka na sahani ni habari moja. Kambini, Union Minière ilikuwa inapima poso ya mufanyakazi, unga juu ya mizani, na mwenye kupima njo alikuwa bwana.

Ninasema haya kwetu sisi wenye lisansi juu filme inafundisha macho kutamani. Kati ya wale tuliomaliza pamoja agronomi, wengi wanatafuta kazi kwenye mamine ama duwane. Hata mimi niliandika barua ya kuomba kazi ya kuhesabu makamyo. Sikuona haya, tumbo halingoji. Lakini nilijiuliza: ni wapi nimewahi kuona kwenye picha agronomu wa Katanga akiwa mutu wa maana, na shida zake na akili yake? Sijaona. Mine iko na picha elfu, na shamba liko na picha moja, ya mama ameinama na jembe, na hakuna mutu anayemuuliza jina.

Kwa hiyo mukiangalia filme juu ya kwetu, musiulize tu kama ni nzuri. Muulize nani anasema, na kwa luga gani. Kamera iko upande gani wa meza? Nani hayuko, na ameenda wapi? Na mwisho, muulize ile ya mama mukubwa.

Mvua ikianza, mwezi wa kumi na moja, nitachukua telefone yangu nifuate shamba moja hapa karibu, tangu mbegu mpaka gunia, na nifuate lile gunia mpaka kwenye bei. Sijui kupiga picha vizuri, mwenye anajua anisaidie. Nikimaliza, wa kwanza kuonyeshwa atakuwa mama mukubwa. Akisimama zaidi ya dakika kumi, nitajua kuko kitu.