Penseli na Kimya

Hesabu moja, mbili, tatu, nne. Picha imeshapita. Katika The Wind Rises, filamu ya Mjapani Hayao Miyazaki ya mwaka 2013, kuna umati wa watu waliotaharuki baada ya tetemeko kubwa la Kanto la mwaka 1923. Wanasukumana, kila mmoja na haraka yake na hofu yake. Mchoraji Eiji Yamamori alikaa na sekunde hizo nne kwa mwaka mmoja na miezi mitatu. Nimeirudia picha hiyo mara nyingi, nikiisimamisha na kuisogeza kidogo kidogo, na kila mara humkuta mtu ambaye sikumwona kabla.

Ninapokaa na vijana wanaopenda vibonzo, ubishi ni uleule: nani fundi zaidi, Mmarekani au Mjapani? Anayemtetea Mmarekani husema picha zake zinatiririka, ilhali kwa Mjapani mara nyingi ni mdomo tu unaocheza na nywele zinazopepea. Anayemtetea Mjapani hujibu kwamba Mmarekani hajui kutulia. Wote wawili wanahesabu michoro, na hapo ndipo ninapotofautiana nao. Nimezipenda kazi za pande zote mbili tangu utotoni, na kadiri ninavyozitazama ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba fundi wa uhuishaji hujulikana kwa mahali anapoamua kumwaga jasho lake, na mahali anapoamua kuuzuia mkono.

Filamu hupita fremu 24 kila sekunde. Kazi nyingi za Disney zilichorwa kwa mchoro mmoja kila fremu mbili, yaani michoro 12 kwa sekunde, na pale mwendo unapokuwa wa kasi, mchoro mpya kila fremu. Vibonzo vya runinga vya Japani huenda mara nyingi kwa mchoro mmoja kila fremu tatu, michoro minane kwa sekunde. Kwa hesabu hiyo Mmarekani ameshinda kabla mchezo haujaanza.

Lakini mwaka jana mpwa wangu alichukua daftari lililokwisha, akachora mpira kwenye pembe ya kila ukurasa kutoka juu kwenda chini, kisha akazipeperusha kurasa kwa kidole gumba. Mpira ulishuka kama puto. "Mjomba, mbona hauanguki?" Tukakaa kuutazama. Michoro ilikuwa mingi na mizuri, tatizo lilikuwa nafasi kati ya mmoja na mwingine: zilikuwa sawasawa kuanzia juu hadi chini. Tukaacha kurasa za juu zilivyo, tukachana tatu za chini, akapeperusha tena. Mpira ukaanguka kwa kishindo ambacho karibu ukisikie. Uzito ulikuwa umejificha katika ile michoro tuliyoichana.

Uzito huo ndio Wamarekani waliousaka kwa bidii kuliko mtu yeyote kabla yao. Katika miaka ya 1930 wachoraji wa Walt Disney walirudishwa darasani baada ya saa za kazi, wakachora watu hai na wanyama hai, mpaka wakajua goti linakunjwaje na shingo inabebaje kichwa. Wawili kati yao, Frank Thomas na Ollie Johnston, waliandika elimu hiyo katika kitabu cha mwaka 1981, The Illusion of Life, wakiipanga katika kanuni 12 ambazo bado zinafundishwa kila penye shule ya fani hii.

Mfano ninaoupenda sisi wasemao Kiswahili tunaujua vizuri. The Lion King ya mwaka 1994 ilitujia na majina ya nyumbani: Simba, Rafiki, na Pumbaa, kitenzi kilichofanywa jina. Baadhi ya wasanii wake walisafiri hadi Kenya na kutembea Hell's Gate, karibu na Naivasha. Studio nayo ililetewa simba hai ili wachoraji wasome namna bega linavyopanda na kushuka chini ya ngozi. Kuna kipande kifupi ambapo Simba mdogo anaitwa na baba yake kwenda kukemewa. Njiani mguu wake unatumbukia katika unyayo wa Mufasa. Anasimama, anatazama chini. Mguu unapotea ndani ya alama ile, na kichwa kinainama kidogo sana, kama cha mtoto yeyote aliyewahi kuvaa viatu vya baba. Hakuna neno linalosemwa. Mchoraji aliyemsimamia Simba mdogo ni Mark Henn, na katika kipande hicho ameigiza kwa penseli kama mwigizaji mkubwa anavyoigiza kwa uso wake.

Nasema ameigiza kwa sababu ndivyo kazi ilivyogawanywa pale: kila mhusika mkuu alikuwa na mchoraji wake. Andreas Deja alipewa Scar, akambuni anavyotembea kwa madaha ya mtu asiyetaka kuchafua kucha zake. Sauti za waigizaji hurekodiwa kwanza, halafu mchoraji anaisikiliza sauti tena na tena mpaka mdomo, nyusi na pumzi vinaifuata. Japani mambo kwa kawaida huwa kinyume. Mara nyingi mwongozaji huchora hadithi nzima kwa mkono wake, picha baada ya picha, kisha mchoraji hukabidhiwa kipande kizima: mtu, mbwa, moshi wa jikoni, na upepo unaopita. Sauti huja mwishoni, ndiyo maana mdomo wa Kijapani huridhika na maumbo matatu tu, wazi, nusu na kufumba. Kwa hiyo mchoraji wa Kimarekani huuliza huyu ni nani, na wa Kijapani huuliza hapa ni wapi, na ni saa ngapi.

Wengi hudhani kubana michoro ni uvumbuzi wa Wajapani. Sivyo. William Hanna na Joseph Barbera, waliotengeneza Tom na Jerry pale MGM na kushinda Oscar saba kwa paka na panya wao, walijikuta nje mwaka 1957 idara yao ilipofungwa. Wakahamia runinga, ambako fedha ilikuwa kidogo na muda mfupi. Mtazame Yogi Dubu wao, asiye na shati lakini amevaa kola na tai. Ile kola inaficha mahali kichwa kinapokutana na mwili, ili mwili ubaki umetulia na kichwa pekee kichorwe upya. Werevu wa kola ile naustahi sana, ingawa vingi vilivyotengenezwa kwa njia hiyo sivipendi. Viliokoa michoro lakini havikujua la kufanya na utulivu uliobaki.

Huko Japani, tarehe 1 Januari 1963, Osamu Tezuka alianza kuonyesha kwenye runinga Tetsuwan Atom, yule mtoto roboti, nusu saa kila wiki. Naye alipunguza michoro mno. Aliihifadhi ili itumike tena, akaipitisha kamera juu ya picha isiyojongea, akaacha macho tu yapepese. Waliomfuata wakaifanya dhiki hiyo kuwa lugha. Osamu Dezaki, aliyelelewa katika studio ya Tezuka, aliongoza Ashita no Joe mwaka 1970, hadithi ya bondia. Mbinu iliyompa jina ni ya kuigandisha picha pale hisia zinapofika kileleni, mistari ikageuka kuwa mchoro mzito wa rangi kama uliofanywa kwa chaki. Mwendo unakoma, na mtazamaji ndiye anayeumalizia kifuani mwake. Kola ya Yogi na bondia wa Dezaki wamezaliwa na uhaba mmoja.

Miyazaki aliwahi kumweleza mhakiki Roger Ebert jambo hili kwa kupiga makofi. Muda ulio kati ya kofi na kofi, alisema, ndio unaoitwa ma. Aliyewahi kukaa karibu na ngoma haitaji maelezo zaidi.

Ukitaka kuuona muda huo, nenda kwenye kituo cha basi katika My Neighbor Totoro, filamu yake ya mwaka 1988. Ni jioni, mvua inanyesha. Satsuki anamsubiri baba yake, mdogo wake Mei amelala mgongoni. Basi limekuja na kuondoka bila baba. Taa inawaka, chura anavuka polepole. Kisha anakuja Totoro, kiumbe wa msituni, mkubwa kama nyumba ndogo, jani kichwani, anasimama kando yake kama abiria mwingine yeyote. Satsuki anampa mwavuli wa baba. Sasa sikiliza: matone machache yanadondoka kutoka mtini, tap, tap, juu ya kitambaa. Macho ya Totoro yanafunguka. Mwili ule mkubwa haujajongea, manyoya tu yamesisimka. Tone jingine. Ndipo anaruka, ardhi inatikisika, na maji yote ya msituni yanashuka kwa mkupuo. Ule mruko usingekuwa na nguvu yoyote kama mchoraji asingekuwa na subira ya kumwacha asimame. Nyuma yao imo misitu iliyosimamiwa na Kazuo Oga, kijani cha namna kumi, iliyochorwa na mtu anayejua udongo wenye maji unavyokuwa.

Ukishajiridhisha kwamba Marekani ni mwendo na Japani ni kimya, Snow White ya mwaka 1937 itakukatalia. Vibete wamemzunguka binti waliyedhani amekufa. Frank Thomas, fundi wa mwendo, alipewa kipande hicho, na alichofanya ni kuwaacha karibu wasijongee kabisa. Chozi linashuka, bega linainama. Grumpy, aliyenung'unika filamu nzima, anashindwa kujizuia. Watu wazima walilia ukumbini kwa ajili ya wino na rangi. Na Akira ya Katsuhiro Otomo, iliyotoka Japani mwaka uleule wa Totoro, ilirekodi sauti kwanza kama Wamarekani na kutumia michoro zaidi ya 160,000, hadi taa za pikipiki zinaburuta mwanga gizani.

Siku hizi mipaka hiyo inavukwa makusudi. Katika Spider-Man: Into the Spider-Verse ya mwaka 2018 kuna kipande msituni ambapo Miles, kijana anayejifunza kuning'inia, anajongea kwa picha 12 kwa sekunde, na mwalimu wake kando yake kwa 24. Macho yanahisi kwamba kijana bado hajakaa sawa kabla akili haijajua sababu. Kompyuta ingeweza kumpa picha zote. Walizipunguza, na kwangu huo ni uamuzi mzuri kuliko yote niliyoyaona Marekani katika miaka ya karibuni.

Siwezi kuisifu kazi hii nikanyamaza kuhusu mikono yenyewe. Wanawake wa chumba cha wino na rangi kule Disney walinakili kila mstari juu ya plastiki angavu, na majina yao hayakuonekana kwenye skrini. Mwaka 1941 wafanyakazi waligoma kudai haki. Bei ya chini aliyoikubali Tezuka kwa vipindi vyake imelaumiwa na wengi, Miyazaki akiwa mmojawapo, kwamba iliwafunga wachoraji wa Japani katika malipo duni, na hadi leo wengi wanaojaza michoro ya katikati hulipwa kwa karatasi. Kyoto Animation ilikwenda njia yake, ikawapa wachoraji mshahara na kuwafundisha yenyewe, na ukitazama A Silent Voice ya Naoko Yamada, ya mwaka 2016, unaona kazi ya watu waliopewa muda: vidole vinavyosita kabla ya kusema kwa lugha ya alama, miguu inayogeuka kando kwa aibu. Julai 2019 mtu aliichoma moto studio hiyo na watu 36 wakafa. Nikiiona mikono ile ya A Silent Voice sasa, husimamisha filamu kidogo.

Na kuna mkono mmoja ambao kwangu unazishona nchi hizi mbili. Tyrus Wong alizaliwa Guangdong, China, mwaka 1910, akaingia Marekani akiwa mtoto na kuzuiliwa katika kituo cha wahamiaji cha kisiwa cha Angel. Baba yake hakuwa na fedha ya wino, hivyo alimfundisha kuandika kwa brashi iliyochovywa majini, juu ya magazeti. Maneno yalikauka na kutoweka, akaandika tena. Mwaka 1938 aliajiriwa Disney kama mjazaji wa michoro ya katikati. Aliposikia kwamba Bambi inatayarishwa, na kwamba mandhari yake yalikuwa na majani mengi hata paa haonekani, alichora misitu yake mwenyewe: ukungu, shina moja au mawili, mwanga, na paa mdogo katikati ya nafasi tupu. Filamu nzima ya mwaka 1942 ikafuata brashi yake. Baadaye Tezuka aliitazama Bambi kwa makumi ya mara, akaichora upya kama kitabu cha katuni. Utulivu ambao leo tunauita wa Kijapani ulikuwa umeshapita Hollywood, ukiwa umebebwa na Mchina aliyefundishwa kwa maji.

Wong aliachishwa kazi baada ya mgomo wa 1941, ambao hakushiriki, kabla hata Bambi haijaonyeshwa. Aliishi hadi miaka 106. Uzeeni alitengeneza tiara kwa mianzi na karatasi, za vipepeo, za bundi, na moja ya tandu mrefu mwenye vipande vingi, akawa anakwenda nazo ufukwe wa Santa Monica. Picha zake zipo: mzee mwembamba mwenye kofia, uzi mkononi, amesimama bila kujongea, na juu yake tandu anatambaa angani.