Mswada wa Mwenzako si Insha ya Mwanafunzi

Mwalimu mwenzangu, ikiwa ulifanya KCSE miaka ile Utengano ilipokuwa riwaya teule, kama nilivyofanya mimi, yamkini uliyajibu maswali yote bila kuambiwa kwamba Said Ahmed Mohamed aliwahi kuwa mwalimu wa sekondari kule Zanzibar. Tulifundishwa dhamira, wahusika na tamathali za usemi. Habari za mwandishi tuliziruka, nami hapa Voi nimekuwa nikiziruka vivyo hivyo mbele ya wanafunzi wangu. Leo nazirudia kwa sababu miongoni mwetu wamo walimu wanaoandika, na jinsi tunavyowasoma hainiridhishi.

Hebu tuiweke Utengano (1980) kando ya Rosa Mistika (1971) ya Euphrase Kezilahabi, ambaye naye alifundisha shule za sekondari Tanzania baada ya kuhitimu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Zakaria anampiga bintiye Rosa kwa sababu ya barua ya mvulana. Bwana Maksuudi anamfungia Maimuna ndani ya nyumba. Wasichana hawa wanapoupata uhuru hawajui wautumie vipi, maana hawakupata kuuonja hata kidogo. Rosa anaishia kujiua, ilhali Maimuna anazama, kisha anaibuka akiwa na majeraha. Sidai kwamba waandishi hawa walinakili rejista za darasa. Lakini ni nani mwingine aliye karibu kama mwalimu, anayemwona msichana akiingia kidato cha kwanza na sanduku lake la bati, kimya kama maji ya mtungi, na kufika kidato cha pili amekuwa mtu mwingine kabisa?

Na zingatia jambo hili: hakuna hata mmoja kati yao aliyeandika kama mwalimu wa zamu. Baba mkali hapewi ushindi, wala binti aliyepotoka hafanywi kibao cha onyo. Rosa Mistika ilipigwa marufuku shuleni ilipotoka. Yaani mwalimu aliandika kitabu ambacho walimu wenzake hawakuruhusiwa kukifundisha!

Sasa turudi nyumbani. Miaka michache iliyopita mwenzangu mmoja wa kaunti hii ya Taita Taveta alinipa mswada wa riwaya, umeandikwa kwa kalamu katika madaftari mawili ya mazoezi. Hadithi ilikuwa ya nchi ya kubuni yenye kiongozi dhalimu. Ploti ilikuwa nzuri, ila nilijua ilikotoka. Kidagaa Kimemwozea ina Sokomoko yake, Mstahiki Meya ina Cheneo, Kigogo ina Sagamoyo, na mwenzangu akaona hakiwi kitabu bila jimbo la kubuni. Katika kila ukurasa palikuwa na methali tatu au nne, na wahusika walizungumza kana kwamba wanajua kuna swali la alama ishirini linawangoja. Hili ndilo kosa letu sisi walimu tunapoandika. Tumesahihisha karatasi nyingi mno hata tunaitunga hadithi tukiwa tayari na mwongozo wake.

Lakini katika daftari la pili palikuwa na kurasa mbili za namna nyingine. Mama na mwanawe wanakesha juu ya dungu huko chini ya milima ya Sagalla, wakilinda mahindi yasiliwe na ndovu wa Tsavo. Wana debe la kupiga na tochi ambayo betri zake zinakaribia kuisha. Asubuhi mtoto anasinzia katika kipindi cha kwanza, na mwalimu, bila kuuliza, anamtoa nje. Hapakuwa na methali hata moja. Nilipozisoma nilimkumbuka mwanafunzi niliyewahi kumtoa nje mimi mwenyewe.

Je, nilimwambia mwenzangu hivyo? La. Nilitwaa kalamu nyekundu, nikarekebisha viambishi ngeli, nikaandika mwishoni, “Kazi nzuri, endelea.” Hakuendelea. Kwa muda mrefu hatukuutaja tena mswada ule.

Tunapozungumzia kuwasaidia walimu waandishi, huwa tunataja pesa, wachapishaji walio Nairobi, na wingi wa vipindi. Hayo ni kweli. Fomu za TPAD, zilizoletwa mwaka 2016, zinauliza kuhusu ubunifu katika ufundishaji, lakini sijui hadithi fupi niijaze wapi. Mwalimu anayetunga tamthilia kwa ajili ya Tamasha za Drama, zilizoanza 1959, humwona mwanafunzi akipokea cheti nao mswada ukibaki droo ya idara hadi uliwe na mchwa. Tungeweza walau kuihifadhi michezo hiyo katika kila kaunti, na kuichambua kama tunavyovichambua vitabu teule.

Hata hivyo, fedha zote hizo zisingeiokoa riwaya ya mwenzangu. Alichokosa ni mtu wa kumwambia kwamba zile kurasa mbili ndizo riwaya, na kwamba jimbo la kubuni angeweza kuliacha. Hilo halihitaji bajeti. Jopo letu la Kiswahili hukutana kila muhula kutunga mtihani wa mwigo, nasi ndio watu tuliofunzwa uhakiki. Saa moja ya kikao hicho ingetosha kusoma kurasa kumi za mmoja wetu kwa sauti, tukasema ni wapi tulichoka na wapi tulishtuka. Nakiri kwamba itauma. Mwalimu hajazoea kuambiwa amechosha, na wanafunzi wetu wana adabu mno.

Muhula uliopita nilikwenda kumtafuta mwenzangu, nikamweleza habari za dungu na za mwanafunzi wangu. Alicheka kwanza. Kisha akaniuliza kwa nini nilisubiri miaka yote hiyo, nami sikuwa na jibu. Madaftari bado anayo. Amesema ataanza upya kuanzia kwenye lile debe, akimaliza kusahihisha karatasi za kidato cha tatu.